Nilinunua kadi kabla ya kuuliza itapita wapi

Niseme mapema tu, mimi sio fundi. Ni mtu wa gemu mwenye laptopu ya kazi, ile nyembamba, prosesa ya wati 15, grafiki ya ndani kwa ndani ambayo ukifungua gemu la miaka ya karibuni inakuonyesha picha moja moja kama mtu anakufunulia albamu ya harusi. Desktopu sikutaka kwa sababu nahamahama. Laptopu ya gemu niliwahi kuazima moja nikaona ule uzito na ule mlio wa feni nikairudisha kwa mwenyewe ndani ya wiki. Kwa hiyo niliposikia kuna kitu kinaitwa eGPU, yaani unachukua kadi ya grafiki ya desktopu kabisa unaiweka nje mezani, unaiunganisha na laptopu yako ile ile, nikaona basi nimefika. Nikaenda nikanunua kadi. Ndio, nilianza na kadi, kadi iliyotumika yenye memori ya GB 4, na mambo yote yaliyofuata yalitokea kwa sababu ya huo mpangilio wa kichwa chini miguu juu.

Boksi la kuwekea kadi nikaenda kuazima kwa jamaa yangu mmoja, mtu wa kuongea sentensi moja alafu ananyamaza.

"Laptopu yako ina Thunderbolt?"

"Ina Type-C."

"Sijakuuliza hiyo."

Nikacheka, nikabeba boksi nikaondoka. Nimefika, nikapachika kadi, nikachomeka waya, feni zikazunguka kidogo zikatulia, na Windows haikusema hata kile kimlio chake cha kitu kimechomekwa. Hamna. Nikageuza waya, nikabadili tundu, nikawasha upya, hamna kitu. Kumbe Type-C ni umbo la tundu tu, linalopita ndani yake ni habari nyingine. Thunderbolt ni njia ya kasi kubwa ya kuunganisha vifaa vya nje, na Thunderbolt 3 ilipotoka 2015 ikaamua kutumia umbo lile lile la Type-C, kwa hiyo matundu mawili yanaweza kufanana kama mapacha, moja linapitisha PCIe, ambayo ndio lugha inayozungumzwa na kadi ya grafiki, na lingine linapitisha data za USB na chaji basi. Kwenye laptopu nyingi la Thunderbolt lina alama ya kiradi pembeni. Langu lilikuwa na alama ya USB na 10, maana yake gigabiti 10 kwa sekunde za USB, safi kabisa kwa flashi na hadidiski ya nje, kwa kadi halina maana yoyote. Na hata hizi za USB4 msidanganyike na jina, kupitisha PCIe kwenye USB4 ya kwanza ni hiari ya mtengenezaji wa laptopu, wengine wameweka wengine hawajaweka, soma karatasi ya vipimo ya modeli yako yenyewe, usisome ya ndugu yake.

Nikarudisha boksi. Jamaa akalipokea, hakusema neno, ambayo kwangu ilikuwa mbaya kuliko angenicheka.

Sasa nina kadi, sina njia. Ndio nikaanza kusoma vizuri, na nikagundua kile kitundu cha ndani cha M.2 kinachowekewa SSD ya NVMe kimsingi ni PCIe yenye leni nne, yaani njia nne za data, na kuna adapta zinachomekwa pale badala ya SSD, zinatoka na utepe mpana wa waya mpaka kwenye kijibodi kidogo ambacho ndio unapachika kadi juu yake. Haipendezi machoni, ila inafanya kazi. Laptopu yangu ina vitundu viwili vya M.2, kimoja kina SSD yenye Windows na kingine kitupu. Hapa nikafanya jambo moja la akili katika hadithi hii nzima, kabla ya kununua adapta nilitoa SSD nikaiweka kwenye kile kitundu kitupu nikaangalia kama inasomeka na ni kwa leni ngapi. Maana kuna vitundu vya M.2 vya SATA peke yake, ile njia ya diski isiyo PCIe, kwenye hivyo kadi haitaonekana milele, na kuna vingine vina leni mbili tu. Changu kilikuwa na nne. Nikanunua adapta.

Siku ya kufunga, nikafungua mfuniko wa chini, kitu cha kwanza nikachomoa plagi ya betri (tafadhali usiruke hiyo), nikachomeka kile kipande chenye umbo la SSD, nikakaza skrubu yake ile ndogo kama punje ya mchele ambayo ilidondoka mara tatu na mara ya tatu niliipata ndani ya soksi. Mfuniko haukufungika tena kwa sababu ya utepe, kwa hiyo nikaisimamisha laptopu kama hema, nikachomeka kibodi ya nje. Umeme wa kadi unatoka kwenye pawa saplai ya desktopu, nilikuwa na ya wati 450. Hesabu yake sio ngumu, sehemu kadi inapokaa inatoa mpaka wati 75, plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150, kwa hiyo ukiangalia kadi yako ina plagi gani unajua haitavuta zaidi ya ngapi kwa kawaida. Na hizo 75 za mwanzo huku zinatoka kwenye pawa saplai pia, kupitia kijibodi, laptopu yenyewe haitoi umeme wa kadi.

Nikawasha laptopu, Windows ikapanda, alafu nikabonyeza swichi ya pawa saplai. Feni za kadi zikazunguka vizuri tu, nikashangilia peke yangu chumbani. Kwenye Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, hakuna kadi. Nikaweka draiva, installa ikaniambia haioni kadi yoyote. Nikasafisha draiva zote, nikaweka upya, nikazima, nikawasha, zaidi ya saa nzima imekatika. Shida ilikuwa nini? Mpangilio tu. M.2 haijatengenezwa kuchomekewa kitu wakati mashine inatembea, laptopu inahesabu vitu vyake vya PCIe inapoamka, sasa kama wakati inahesabu kadi haina umeme, haipo kwenye hesabu. Unawasha pawa saplai kwanza, kadi inakuwa hai, ndio unawasha laptopu. Na kuchomoa au kuchomeka utepe wakati kitu chochote kina umeme usijaribu kabisa, hapo unaongelea kuunguza madabodi.

Baada ya hapo kadi ikaonekana, ikiwa na alama ya njano ya mshangao na Code 12, yaani Windows inasema haikupata rasilimali za kutosha kwa hiki kifaa. Kadi ya grafiki inataka ipewe eneo kubwa la anwani za memori na BIOS ya laptopu, ile programu ya msingi inayoiamsha mashine, haikuwahi kufikiria mgeni mkubwa hivi atakuja. Kwangu iliisha nilipofanya apdeti ya BIOS na kuwasha kitu kinaitwa Above 4G Decoding, kinachoruhusu kutumia anwani za memori za juu ya GB 4. Laptopu nyingi zimeficha hiyo seti, nilibahatika. Wenye laptopu yenye kadi nyingine ndani huwa wanaizima ile ya ndani kwenye Device Manager ili kuacha nafasi, na mara nyingi inatosha.

Gemu la kwanza kufungua lilikuwa la magari. Barabara iliyonyooka, fremu 70 kwa sekunde, nikasema yes, tumemaliza. Nikaingia mjini, kona ya kulia, picha ikaganda kama kufumba jicho, ilivyorudi gari iko ndani ya ukuta. Nikarudia. Kona ile ile, mgando ule ule. Nikitulia mahali pamoja namba ni nzuri, nikigeuza kamera haraka panakwama. Wastani wa fremu ulikuwa unanidanganya, na hii ndio sehemu nataka niikalie kidogo kwa sababu watu wengi wanapima eGPU kwa wastani.

Kadi kwenye desktopu inakaa kwenye leni 16. Kwa PCIe 3.0 hiyo ni karibu gigabaiti 16 kwa sekunde. Leni nne ni karibu gigabaiti 4. Na Thunderbolt 3 pamoja na kuandikwa 40, ni gigabiti zile, sio gigabaiti, na katika hizo 40 data za PCIe zinazopita kweli ni kama gigabiti 22, yaani chini ya gigabaiti 3, nyingine zimewekwa akiba ya picha za monita. Kwa hiyo lile litepe langu la kihuni lilikuwa na njia pana kuliko boksi la heshima la yule jamaa, jambo ambalo sikulitegemea. Ila bado ni robo ya njia ya desktopu. Unapokuwa umesimama sehemu moja kwenye gemu, karibu kila kitu kinachohitajika kiko tayari kwenye memori ya kadi, njia iko wazi. Ukiingia mtaa mpya, picha za majengo, barabara, mabango, vyote vinakimbilia kwenye kadi kwa mpigo, na hapo ndio unasikia njia ilivyo nyembamba.

Sasa ongeza na kosa langu la kadi ya GB 4. Memori ya kadi ikijaa inaanza kuhamisha vitu kwenda ramu ya laptopu na kuvirudisha, kwenye desktopu hilo linaumiza kidogo, kwenye eGPU kila safari inapita kwenye ule ule uchochoro. Nilijua ndio tatizo nilipofungua kipimo cha memori ya kadi kwenye kona ya skrini, kinakaa 3.9 muda wote, nikashusha ubora wa tekscha, zile picha zinazovishwa kuta na barabara, kutoka juu kabisa mpaka kati, nikaingia kona ile ile. Gari ikapita. Hiyo kona nimeipita kama mara ishirini usiku ule, sio kwa sababu napenda mbio. Ushauri wa kawaida wa kadi ni uangalie kasi yake kwanza, kwa eGPU mimi naanza na memori. Baadaye nilibadilisha nikachukua RTX 3060 ya GB 12, kadi ambayo wapenda namba wanaiona ya kawaida, lakini ile nafasi ya GB 12 inamaanisha ikishabeba mzigo wake haina haja ya kurudi dukani kila dakika.

Jambo lingine lililonipotezea fremu bure ni skrini. Nilikuwa nachezea kwenye skrini ya laptopu yenyewe. Maana yake kadi inachora fremu huko nje, alafu hiyo fremu iliyokamilika inarudishwa kupitia njia ile ile mpaka kwenye grafiki ya ndani ndio ionekane. Unatumia njia nyembamba kwa kwenda na kurudi. Nikachomeka monita ya nje moja kwa moja kwenye HDMI ya kadi, gemu lile lile, seti zile zile, kutoka 41 mpaka 58 sehemu ile nzito. Sijabadilisha kitu kingine. Kama una monita yoyote ya zamani mahali, itumie kabla hujalaumu kadi. Na kwenye seti za grafiki za Windows hakikisha gemu limepewa ile kadi kubwa, kuna gemu nilicheza siku mbili nikilalamika na kumbe lilikuwa linatumia grafiki ya ndani muda wote, feni za kadi zimetulia na mimi sikujiuliza kwa nini.

Monita ya nje ikanifundisha na jingine, nilipanda kutoka 1080p kwenda 1440p nikitegemea fremu zishuke vibaya, hazikushuka sana. Resolusheni kubwa ni kazi ya kadi yenyewe, haiongezi sana mzigo wa njiani, kinachoongeza mzigo wa njiani ni wingi wa fremu kwa sekunde. Kwa hiyo eGPU ni ya mtu anayetaka picha nzuri kwa fremu 60, ukitaka fremu 200 za gemu za risasi za ushindani, utateseka. Mimi sahizi nafunga fremu kwenye 60 kila gemu. Migando imepungua kuliko nilivyokuwa naiachia ikimbie itakavyo.

Prosesa nayo. Hii ilinikera kwa sababu hakuna waya wa kubadilisha. Gemu linaanza vizuri, kama nusu dakika hivi mambo ni matamu, alafu fremu zinashuka na hazirudi. Nikidhani joto la kadi, kadi iko nyuzi 60 na kitu, haina habari. Ilikuwa prosesa, zile za wati 15 zinaruhusiwa kukimbia zaidi ya kiwango chao kwa muda mfupi alafu zinarudishwa kwenye mstari. Task Manager ilikuwa inaniambia prosesa iko asilimia 55 nikaamini ina nafasi, hadi nilipofungua kila koa, yaani kila kichwa cha kazi ndani ya prosesa, peke yake nikakuta moja imejaa pomoni na zingine zinapiga soga. Nikapunguza umati wa watu na umbali wa kuona kwenye seti za gemu, hivyo ndio vinavyobebwa na prosesa, vivuli na tekscha nikaviacha kwa kadi. Nikaongeza pia kijiti cha pili cha ramu maana nilikuwa na kimoja, ikasaidia kuliko nilivyotarajia.

Alafu siku moja gemu zikaanza kujizima zenyewe bila ujumbe wowote. Wiki nzima. Nikaingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nikakuta mistari na mistari ya WHEA-Logger namba 17, hiyo ni makosa ya PCIe yaliyosahihishwa njiani, mamia kwa saa moja. Nilikuwa nimepanga meza upya na ule utepe nikaukunja kona kali ili upite nyuma ya laptopu upendeze. Nikaukunjua, nikauacha ulale kwa mkunjo mpana kama shuka, makosa yakaisha siku hiyo hiyo. Wenye laptopu za PCIe 4.0 hili linawapata zaidi, kasi ikiwa kubwa utepe mrefu hauvumilii, wengi wanashusha mpaka 3.0 kwenye BIOS na maisha yanaendelea.

Nilikaa na lile hema langu karibu mwaka na nusu. Lilivyofika wakati wa kubadilisha laptopu ya kazi nikachukua yenye Thunderbolt 4, na safari hii nilisoma vipimo mpaka mwisho. Thunderbolt 4 kasi yake ya juu ni 40 ile ile ya Thunderbolt 3, tofauti ni kwamba inalazimisha gigabiti 32 za PCIe, maana zamani kuna laptopu za Thunderbolt 3 zilipewa leni mbili badala ya nne na mnunuzi hajui. Nikanunua na boksi. Kwa namba tupu nilirudi nyuma kidogo ukilinganisha na utepe, gemu zile nzito nilipoteza fremu chache, na bado sibadilishi. Waya mmoja, laptopu imefungwa mfuniko wake kama ya watu, na waya huo huo unaichaji. Nikitoka nachomoa naondoka.

Nachomoa vizuri, nisisitize. Unaenda kwenye ile alama chini unaiambia itoe kifaa, gemu zote zimefungwa. Mdogo wangu alipita nyuma ya meza akaburuza waya na mguu wakati nipo katikati ya mechi, skrini ikawa bluu na seivu ya gemu ikaharibika. Kuilaza laptopu huku boksi limechomekwa nako ni kamari, mara inaamka mara haiamki, mimi nazima kabisa. Na waya uliokuja na boksi usiutupe kwa sababu ni mfupi. Nilijaribu kuweka waya mrefu wa chaji wa Type-C ili boksi likae chini ya meza, laptopu ikachaji kwa furaha na kadi haikuonekana kabisa. Waya wa Thunderbolt 3 usio na chipu ya kusukuma unatoa kasi kamili kwenye urefu wa kama nusu mita, ukitaka mita mbili unatafuta ule wenye chipu, na hiyo ni bei nyingine.

Watu wa Mac huwa wananiuliza, jibu ni fupi. Apple iliruhusu eGPU kuanzia macOS 10.13.4 mwaka 2018, kwa Mac za Intel na kadi za AMD, zilipokuja za M1 mwaka 2020 hiyo habari ikaishia hapo. Na wenye laptopu zenye tundu la OCuLink, tundu la nje la PCIe tupu, nawaonea wivu, leni nne za PCIe 4.0 moja kwa moja, gigabiti 64, hamna kugawana na picha za monita, ingawa nayo lazima uzime kila kitu ndio uchomoe.

Ile adapta ya utepe na pawa saplai nilimpa mdogo wangu, yule yule wa mguu, ana laptopu yenye kitundu cha pili cha M.2 na alikuwa ameshakipima kwa SSD kama nilivyomwambia. Nilimwelekeza yote, betri, skrubu, utepe usikunjwe, akawa anaitikia tu "poa braza, poa braza". Jioni simu ikaita.

"Braza, feni zinazunguka ila kwenye Device Manager hamna kadi. Nimeshaweka draiva mara tatu."

"Umewasha nini kwanza?"

Kimya. Nikasikia swichi ya pawa saplai ikibonyezwa, alafu na laptopu ikizimwa.

"Ngoja nitakupigia," akasema.